Bolti za Breki Zilizoganda: Jinsi ya Kuzifungua Bila Kuzivunja

Anayebadilisha pedi za breki mwenyewe kwa mara ya kwanza huwa amejiandaa kwa habari ya pedi. Ameshazinunua, ameuliza namna ya kurudisha pistoni ndani, vifaa amevipanga kwenye kitambaa. Kisha bolti ya nyuma ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, inagoma. Anaongeza nguvu, spana inateleza, kichwa cha bolti kinakuwa mviringo, na kazi ya asubuhi moja inaishia kwa gari kuvutwa hadi gereji.

Wasomaji wengi wanakwama hapohapo, na wengi kwa sababu ileile: wameanza na nguvu. Nguvu ni hatua ya saba katika mwongozo huu. Ukifuata zile sita za kabla yake, mara nyingi hutahitaji nyingi.

Mifano yangu mingi ni ya Toyota ndogo kama Corolla, Probox na IST, maana ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Kama gari lako limekaa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi imeshafanya kazi yake kwenye bolti hizo. Na kama lilitumika sehemu za theluji huko Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi, huenda lilishuka bandarini likiwa na kutu chini tayari. Anza ukijua hilo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usifungue hata nati moja kabla ya hivi kuwa mkononi:

- Jeki, stendi mbili za chuma, na magogo au mawe ya kuzuia tairi.
- Maboksi ya spana ya pembe sita, kwa milimita: 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21.
- Spana ringi za saizi hizohizo, na spana nyembamba ya mdomo wazi ya kushikia pini.
- Mpini mrefu wa boksi usio na racheti. Racheti ina meno madogo ndani. Ukiitumia kuvunja kutu utayavunja meno yake.
- Brashi ya waya, nyundo ya wastani, tindo, sentapanchi.
- Mafuta ya kupenya kutu.
- Dawa ya kusafishia breki, matambara, miwani ya kukinga macho, glovu.
- Waya mgumu wa kuning'inizia kalipa.
- Grisi ya silikoni kwa ajili ya pini.
- Ukiweza, spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Kuhusu maboksi ya pembe sita sitalegeza msimamo. Boksi la pembe kumi na mbili hushika kichwa karibu na ncha za pembe zake, na ncha ndiyo sehemu ya kwanza kulika. La pembe sita hushika kwenye ubavu. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu katika orodha hii, nunua hilo.

Mafuta ya kupenya unaweza kuyachanganya mwenyewe: asetoni nusu, na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu. Tikisa kila unapotumia, maana hujitenga. Asetoni hushika moto upesi sana, kwa hiyo sigara na jiko vikae mbali.

## Zijue bolti zako kabla ya kuzigusa

Nyuma ya kalipa kuna bolti za aina tofauti, na kila moja ina tabia yake.

Bolti za pini. Ni mbili, ndogo, kichwa mara nyingi 12 au 14. Zinashika kalipa kwenye pini zinazoteleza. Kwa magari madogo mengi hukazwa kwa Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 hadi 35 tu, na hazipendi kulazimishwa. Ndizo zinazovunjika zaidi mikononi mwa watu.

Bolti za breketi, yaani fremu inayobeba kalipa. Nazo ni mbili, nene, kichwa 17 kwa Toyota nyingi, 19 au 21 kwa magari mengine. Hukazwa kwa Nm 80 hadi 110 hivi. Hizi huzigusi kama unabadilisha pedi peke yake. Unazifungua unapotaka kutoa diski. Baadhi hutoka kiwandani zikiwa na gundi ya bolti, na gundi hiyo haisikii mafuta. Inasikia joto.

Bolti ya hosi. Iko pale hosi ya breki inapoingia kwenye kalipa. Iache. Ukiilegeza, mafuta ya breki yatamwagika, upepo utaingia, na utakuwa umejiongezea kazi.

Nipo ya kutolea upepo. Ndogo, yenye tundu katikati, na kwa sababu ya tundu hilo ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Nimeipa sehemu yake mbele.

## Hatua ya 1: Lisimamishe gari kwa usalama

Egesha mahali pagumu na tambarare. Zuia tairi ambazo hutainua. Legeza nati za tairi unalotaka kutoa gari likiwa bado chini, nusu mzunguko tu, kisha inua, weka stendi, ndipo utoe tairi.

Sababu ni rahisi: bolti iliyoganda huvutwa kwa nguvu, na nguvu hiyo inalisukuma gari zima. Jeki peke yake inaweza kulala. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Usilale wala kuingiza bega chini ya gari linaloshikwa na vitu hivyo.

Umefanikiwa ikiwa ukisukuma gari ubavuni kwa mikono miwili halitikisiki juu ya stendi.

## Hatua ya 2: Zungusha usukani na usafishe

Zungusha usukani mpaka nyuma ya kalipa itokeze nje ya fenda. Watu wengi wanahangaika gizani kwa kusahau jambo hili dogo.

Sugua kichwa cha bolti kwa brashi ya waya, pembe zote sita, mpaka uone chuma. Sugua pia nyuzi zinazotokeza upande wa pili kama zipo. Kutu na matope kwenye kichwa hulizuia boksi kuzama hadi chini, na boksi lililokaa nusu ndilo linalokula kichwa.

Usipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa. Lilowanishe kwa dawa ya breki, lifute kwa tambara. Vumbi hilo si la kuvuta kifuani.

## Hatua ya 3: Mafuta, kisha subira

Weka mafuta ya kupenya mahali bolti inapoingilia, na upande wa pili inapotokea. Kidogo kinatosha; mafuta yanatakiwa yanyonywe na nyuzi, hayatakiwi kutiririka chini.

Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kadhaa, wima, bila hasira. Mtikisiko hupasua kutu na kufungulia mafuta njia. Subiri dakika kumi na tano, ongeza mafuta, gonga tena. Kwa gari la pwani ambalo breki zake hazijafunguliwa kwa miaka, weka mafuta jioni, na kazi uifanye asubuhi.

Onyo: mafuta yasifike kwenye diski wala kwenye pedi. Diski unaweza kuisafisha kwa dawa ya breki. Pedi iliyonyonya mafuta haisafishiki, inatupwa. Kama pedi zako bado ni za kutumika, zifunike kwa tambara kabla ya kupuliza.

## Hatua ya 4: Hakikisha unafungua, hukazi

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini bolti nyingi huvunjwa na watu wanaokaza wakidhani wanafungua.

Bolti za kalipa zinatazama ndani, upande wa injini. Wewe uko nje, umeinama juu yake, unaiona kutokea mkiani. Kanuni ya kufungua kinyume cha mwendo wa saa ni ya mtu anayetazama kichwa cha bolti uso kwa uso. Ukiitazama kutokea mkiani, mambo yanageuka.

Njia ya uhakika: chukua racheti, iweke upande wa kufungua, ijaribu kwenye bolti yoyote unayoiona vizuri. Sasa iingize kwenye bolti ya kalipa bila kuigeuza. Upande inaoshika ndio upande wa kufungulia. Kisha toa racheti, uweke mpini mrefu.

## Hatua ya 5: Kalisha boksi mpaka mwisho

Ligonge boksi kidogo kwa nyundo hadi lizame. Lisicheze. Kama 17 inacheza na 16 haiingii, huenda kichwa kimeshaliwa na kutu. Ruka hadi hatua ya 9 kabla hujakimaliza kabisa.

Mpini uwe mraba na bolti. Ukiunganisha boksi kwa kiungo kinachopinda, nguvu yako inaingia kwa mshazari, na boksi hupanda juu ya kichwa. Hata sentimita moja ya mshazari inatosha kuharibu.

## Hatua ya 6: Kaza kidogo kwanza

Ndiyo, kaza. Ipe bolti msukumo mdogo upande wa kukaza, kiasi cha kusikia tu kama inanyong'onyea. Kutu imejishika kwa upande mmoja; msukumo wa kinyume huvunja mshiko huo bila kuvuta bolti nzima.

Mara nyingi utasikia mlio mkavu, *tak*. Huo ndio unaoutafuta.

## Hatua ya 7: Sasa nguvu

Vuta kuelekea kwako, usisukume. Bolti ikiachia ghafla wakati unasukuma, ngumi yako inaishia kwenye chuma. Kama nafasi inakulazimisha kusukuma, sukuma kwa kiganja kilichofunguka.

Nguvu iwe ya kupanda polepole, kisha mshtuko mfupi mwishoni. Kwa bolti za breketi unaweza kuvalisha bomba kwenye mpini ili urefu usaidie. Kwa bolti za pini, usivalishe bomba kamwe. Ni nyembamba; urefu wa ziada utaikata kabla hujahisi chochote.

Hapa sikio na mkono vina kazi. Bolti inayofunguka hulia kwa ukali, kisha inakuwa ngumu vilevile kwa muda, halafu inalegea kidogokidogo. Bolti inayokaribia kukatika haina mlio; inakuwa laini mkononi kama inanyooka. Ukihisi ulaini huo, acha hapohapo na urudi kwenye mafuta au uende kwenye joto.

Ikianza kuzunguka, usiifungue moja kwa moja. Robo mzunguko nje, nusu ya robo ndani, mafuta, tena nje. Unga wa kutu unajikusanya kwenye nyuzi, na ukiusukuma upande mmoja tu unajibana na kuikamata bolti upya.

Kama ni bolti ya pini na unaona pini nayo inazunguka pamoja, hujafungua chochote. Ishike pini kwa spana nyembamba kwenye bapa zake, kisha fungua.

Umefanikiwa ikiwa bolti inatoka kwa vidole katika nyuzi zake za mwisho, na nyuzi zimebaki kali, hazina nyuzi za chuma zilizokatika kama nywele.

## Hatua ya 8: Joto, kwa adabu

Mafuta yakishindwa, joto ndilo linalofuata. Chuma hutanuka kikipata moto. Kinapopoa hujikunja, na kutu hupasuka katikati. Gundi ya bolti nayo hulegea ikifika nyuzi joto 250 hivi.

Kabla ya kuwasha chochote:

1. Futa mafuta yote ya kupenya. Yanawaka.
2. Hakikisha hakuna hata tone la dawa ya kusafishia breki. Zile zenye klorini, zikikutana na moto, hutoa gesi ya sumu kali inayoharibu mapafu. Kama ulipuliza karibuni, acha pakauke kabisa, na fanyia kazi mahali penye hewa.
3. Toa kalipa na uining'inize mbali kwa waya. Hosi ya breki na raba za pini haziwezi kuvumilia moto, na mafuta ya breki yanawaka.
4. Angalia waya wa sensa ya ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga unapokanyaga breki. Kama uko karibu, ufungue au uuhamishe.
5. Weka ndoo ya mchanga au kizimamoto karibu.

Hayo yakishindikana, usitumie moto. Kwa hiyo joto ni kwa bolti za breketi. Bolti za pini zimekaa kwenye raba, na mtu anayezipiga gesi zikiwa kwenye kalipa anaharibu breki.

Gesi ndogo ya kopo inatosha. Elekeza mwali kwenye chuma kinachozunguka nyuzi, dakika moja au mbili, kisha jaribu kufungua kikiwa bado moto. Kwa magari mengine nyuzi ziko ndani ya breketi yenyewe, kwa mengine ziko kwenye mkono unaobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu. Jua ni wapi kabla hujawasha, la sivyo utatanua kitu kisichohusika.

Onyo: kama mkono huo ni wa aluminiamu, kuwa mwangalifu mara mbili. Aluminiamu huyeyuka ikifika nyuzi joto 660 na haibadiliki rangi kukuonya kama chuma. Na bolti yoyote iliyopata moto mpaka ikawa nyekundu isirudi kwenye gari. Ugumu wake umeondoka.

## Hatua ya 9: Kichwa kikishalika

Usiendelee kujaribu kwa boksi lilelile. Kila ukiteleza unaondoa chuma utakachokihitaji.

Anza kwa boksi dogo la saizi inayofuata, hasa la inchi likipatikana, maana hukaa katikati ya saizi za milimita. Ligonge kwa nyundo mpaka libane. Yapo pia maboksi maalumu yenye meno ya kujipinda ndani, yanayozidi kuuma kadiri unavyofungua. Gereji za mitaani nyingi zinayo na unaweza kuazima.

Hayo yakikosekana, bana kichwa kwa vaisigripu (koleo inayojifunga) iliyokazwa sana, kisha gonga mkono wake kwa nyundo kwa mapigo mafupi. Tindo ni ya baadaye: chimba alama ukingoni mwa kichwa, kisha igonge kwa mshazari kuelekea kufungua.

Kuna njia moja ninayoiamini kuliko zote, na mafundi wa kuchomelea wanaijua vizuri. Nati inawekwa juu ya kichwa kilicholika na kuchomelewa kutokea ndani ya tundu lake. Unapata kichwa kipya, na joto la kuchomelea linapasua kutu papo hapo. Ondoa waya wa betri wa hasi kabla, na ili umeme usipite kwenye beringi ya gurudumu, waya wa ethi ubanwe karibu kabisa na bolti.

## Hatua ya 10: Ikivunjika

Kama ni bolti ya pini, tulia. Kwa Toyota nyingi imefungwa ndani ya pini na haijaingia kwenye kalipa. Nunua pini mpya na bolti yake, kazi imekwisha.

Kama ni ya breketi na kuna kipande kimetokeza, chomelea nati kama ilivyoelezwa. Ikikatikia ndani, piga sentapanchi katikati kabisa, toboa kwa biti nyembamba kwanza, kisha panua. Biti za kuzunguka kinyume ni bora, maana mara nyingine zinaitoa bolti wakati bado unatoboa.

Chuma cha kuchokolea bolti, kile chenye meno ya kujipinda, kitumie kwa mkono mwepesi. Ni kigumu na kinakatika kama kioo, na kikikatikia ndani hakuna biti ya kawaida itakayokitoboa. Ukihisi kinapinda, acha. Peleka breketi kwa fundi wa lezi, inagharimu kidogo kuliko mkono mzima wa gurudumu.

## Nipo ya kutolea upepo

Ilegeze kalipa ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Hapo imeshikwa imara. Tumia boksi la pembe sita, 8 au 10, si spana ya mdomo wazi. Mafuta, subira, kugonga pembeni pa nipo taratibu.

Kama unahofia itajikunja, ingiza shina la biti linaloenea vizuri kwenye tundu lake, kadiri litakavyozama. Chuma hicho kinaizuia nipo isibonyee ndani wakati unaizungusha. Ikishafunguka, usiirudishe ya zamani kama pembe zimelika. Nipo mpya ni bei ndogo.

## Diski au dramu iliyoganda kwenye habu

Bolti zote zimetoka na diski haitoki. Itazame uso wake: Toyota nyingi, diski na dramu pia, zina matundu mawili yenye nyuzi ambayo hayana bolti. Ni ya kazi hii hasa. Ingiza bolti mbili za M8 (unene milimita 8), hatua ya nyuzi 1.25, na uzikaze kwa zamu, robo kwa robo. Diski itaruka yenyewe.

Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, diski inakwenda upande na inabana zaidi. Kama hakuna matundu, gonga kati ya sitadi, zile bolti zinazofungwa nati za tairi, kwa nyundo huku unazungusha diski. Usigonge uso unaosuguliwa na pedi kama unataka kuitumia tena.

Magari mengi ya Honda yana skrubu mbili zinazoshika diski. Bisibisi ya kawaida huzimaliza vichwa. Tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Zikishindikana, toboa vichwa vyake. Kazi yake ni kuishika diski wakati wa kufunga tu. Tairi likishafungwa, nati za tairi ndizo zinazoishika.

Kwa dramu, shusha handibreki kwanza. Kama inatoka kidogo na kukwama, shuu zimenasa kwenye ukingo: fungua kiziba cha raba nyuma ya bati na ulegeze kirekebishi kwa bisibisi.

## Kurudisha ili zisigande tena

Sugua nyuzi za bolti kwa brashi. Yenye nyuzi zilizolika au iliyopinda, badilisha. Bolti mpya iwe na urefu, hatua ya nyuzi na namba ya ugumu ileile iliyogongwa kichwani, kama 8.8 au 10.9. Bolti ya kuokota kwenye debe la gereji isiingie kwenye breki.

Pini zipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha raba, na pini zitakwama baada ya muda mfupi. Bolti za breketi zilizokuwa na gundi ya kiwandani zipakwe gundi mpya.

Anza kila bolti kwa vidole, mizunguko mitatu au minne, kabla ya spana. Kaza kwa kipimo cha gari lako kwenye kitabu chake. Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi ni Nm 103.

Kabla ya kuwasha gari kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu. Ukiisahau hatua hiyo, mguso wa kwanza wa breki utashuka hadi sakafuni. Jaribu kwa mwendo wa kutembea uwanjani, kisha barabarani penye nafasi. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, kaza tena nati za tairi, na uchungulie nyuma ya kalipa uone kama kuna unyevu wa mafuta ya breki.